KUFIFIA NA KUFIFISHWA: NENO MOJA KATIKA HISTORIA YA UPARE KUSINI

Mambo yenye mwanzo na mwisho ulio dhahiri ni mepesi kuyasimulia. Vita huanza na hukoma. Mtawala hutawazwa na huzikwa. Sheria hutungwa na hufutwa. Mambo hayo huwa na siku yake, na mwanafunzi akiikariri siku hiyo hudhani ameijua historia. Lakini sehemu kubwa ya maisha ya watu haiangukii katika siku hizo. Hupita katikati, katika yale yanayopungua kidogo kidogo, hata asipatikane mtu wa kuweza kusema yalianza kupungua lini. Kazi fulani huacha kufanywa na vijana. Mfereji hupitisha maji machache kuliko mwaka uliotangulia. Neno lililojulikana na kila mtu hubaki kwa wazee. Hapana tarehe ya kuandika ubaoni, wala shujaa wa kumsifu au adui wa kumlaani.

Kwa hali hiyo Kiswahili kina neno lake, nalo ni kufifia. Katika insha hii tunakusudia kulichunguza neno hilo pamoja na jamaa zake, na kulipima kwa mambo yaliyotokea katika milima ya Upare, hasa Upare Kusini, mahali kama Suji. Tumechagua milima hiyo kwa sababu humo yamo mambo mengi ambayo watu husema kwamba yamefifia: mifereji ya maji, ufundi wa chuma, misitu ya mila, hata lugha. Tunataka kuonyesha kwamba neno tulitumialo kwa kupungua kwa jambo si pambo la usemi tu. Neno hilo huamua kama tutauliza sababu au hatutauliza, na kama tutajaribu kulirudisha jambo hilo au tutalizika lingali hai.

Neno na jamaa zake

Maana ya asili ya kufifia ni ya macho. Rangi ya kitambaa kilichoanikwa juani siku nyingi hufifia. Nuru ya taa iliyopungukiwa na mafuta hufifia. Maandishi ya barua ya zamani hufifia, na kovu la mtoto hufifia kadiri anavyokua. Katika mifano yote hiyo kitu hakiondoki mara moja. Kinaendelea kuwapo, ila kinaonekana kwa shida zaidi kila siku. Kutokana na maana hiyo ya macho, neno limepanuka likafika kwenye mambo yasiyoonekana: sifa ya mtu hufifia, tumaini hufifia, desturi hufifia.

Neno hili linazungukwa na jamaa kubwa, na kila mmoja katika jamaa hiyo ana kazi yake. Kuchakaa ni kupungua kwa kitu kwa sababu ya kutumiwa. Nguo huchakaa, jembe huchakaa. Kuzorota ni kupungua kwa nguvu au mwendo wa jambo lililokuwa likienda vizuri. Afya ya mgonjwa huzorota, na kazi ya ushirika huzorota. Kudidimia ni kwenda chini polepole, kama mguu katika tope. Kunyauka na kusinyaa ni maneno ya mimea iliyokosa maji. Kumomonyoka ni neno la udongo unaochukuliwa na maji kidogo kidogo, nalo limekuwa neno la maadili pia. Kuporomoka ni tofauti na hayo yote, kwa kuwa kinachoporomoka huanguka kwa kishindo. Watu wa pwani wana neno kupwa, litumikalo kwa bahari. Na neno hilo lina faraja yake, kwani maji yaliyokupwa hujaa tena.

Ni kosa kuyatumia maneno haya kana kwamba yana maana moja. Tukisema kazi fulani imechakaa, tumesema kwamba imetumika sana. Tukisema imenyauka, tumesema kwamba kuna kitu imenyimwa. Tukisema imekupwa, tumeahidi kwamba itarudi. Mwandishi wa historia anayeandika imefifia kila mahali anafanana na mganga anayewapa wagonjwa wote dawa moja.

Tendo lisilo na mtenda

Lipo jambo jingine, na hilo ni zito zaidi. Wanafunzi wa sarufi wanaijua kauli ya kutendeka: vunja, vunjika, haribu, haribika. Tukisema chungu kimevunjika, tumeieleza hali ya chungu, lakini hatukumtaja aliyekivunja. Huenda aliyekivunja yupo na huenda hayupo. Tukisema chungu kimevunjwa, tumekiri kwamba yupo mtu, hata kama hatumtaji kwa jina. Watoto wanaijua tofauti hii kabla ya kufundishwa shuleni. Hakuna mtoto aliyeangusha chungu ambaye humwambia mama yake kwamba chungu kimevunjwa.

Vitenzi fifia, zorota, chakaa na didimia havina kiambishi cha kauli hiyo, lakini maana yake ni ya namna ile ile: jambo linatokea, na mtenda hatajwi. Hata hivyo kila kimoja kinaweza kunyambuliwa. Fifia huzaa fifisha na fifishwa. Zorota huzaa zorotesha na zoroteshwa. Chakaa huzaa chakaza na chakazwa. Didimia huzaa didimiza na didimizwa. Kwa hiyo lugha yetu haitunyimi njia ya kumtaja mtenda. Tukimwacha, tumemwacha kwa hiari au kwa uzembe.

Hapa ndipo sarufi inapokutana na historia. Mtu akiandika kwamba ufundi wa wazee wetu ulififia, sentensi yake imekamilika kisarufi, na msomaji haoni pengo. Lakini kihistoria sentensi hiyo ni nusu. Haikusema kama ufundi huo uliachwa na wenyewe kwa kupata ulio bora, au ulishindwa sokoni, au ulipigwa marufuku, au ulikosa vijana wa kuurithi kwa kuwa vijana walipelekwa kwingine. Mambo hayo manne ni tofauti kabisa, nayo yote hujificha ndani ya kitenzi kimoja cha silabi tatu.

Maji ya Upare Kusini

Suji ni kata ya Wilaya ya Same, katika mteremko wa magharibi wa milima ya Upare Kusini, juu ya Makanya. Kwa upande wa juu kuna msitu wa Chome na kilele cha Shengena, ambacho kimo chake kinazidi mita 2,400, nacho ndicho kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare. Kwa upande wa chini kuna nyika kame inayoshuka kuelekea bonde la Mto Pangani, ambako reli ya kutoka Tanga ilipita mwanzoni mwa karne ya 20 ikielekea Moshi, na ambako mkonge ulipandwa. Juu mvua ni nyingi na mashamba ni madogo; chini mashamba ni mapana na mvua ni haba. Mwenye kuishi kati ya hali hizo mbili hana budi kuwa fundi wa maji.

Wapare, ambao katika lugha yao hujiita Vaasu, walikuwa mafundi hao. Walikinga vijito kwa mawe, magogo na udongo, wakachimba mifereji iliyofuata ubavu wa mlima, na mahali panapofaa wakajenga ndiva, yaani bwawa dogo la kuhifadhi maji. Shabaha ya ndiva inastahili kuelezwa, maana watu wengi hudhani kwamba ni shimo la maji tu. Kijito kidogo kikiachwa kitiririke moja kwa moja hadi shambani wakati wa kiangazi, maji yake hunywewa na udongo mkavu njiani, yasifike kwenye shamba la mbali. Kwa hiyo maji ya usiku, ambayo hayana mtumiaji, huachwa yajae katika ndiva. Asubuhi tundu la ndiva hufunguliwa, na maji yaliyokusanyika hutoka kwa wingi na kwa nguvu, yakafika mbali. Ndiva kwa hiyo ni ghala: huhifadhi usiku kwa ajili ya mchana.

Lakini ndiva haikuwa kazi ya mawe na udongo peke yake. Kila ndiva na kila mfereji ulihusishwa na ukoo wa mwanzilishi, na watu wengine walijiunga kwa kutoa kazi. Palikuwa na mzee wa kugawa zamu, palikuwa na adhabu kwa mwizi wa maji, na palikuwa na siku za kuzoa tope na kuziba nyufa. Kazi hiyo ya pamoja ndiyo iliyoitwa msaragambo. Ndiva isiyozolewa tope hujaa mchanga unaoletwa na mvua, na hata ukuta wake ukiwa mzima, nafasi ya maji ndani yake hupungua mwaka hata mwaka. Kwa maneno mengine, ndiva hupimwa kwa watu wanaoitikia wito.

Jinsi ndiva zilivyozorota

Katika karne ya 20 ndiva nyingi na mifereji mingi ya Upare ilipungukiwa na nguvu. Tukitumia neno moja la kufifia, tumemaliza maelezo. Tukichagua maneno kwa uangalifu, tunaona hatua mbalimbali.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya watu. Serikali ya Wajerumani ilianza kudai kodi ya nyumba mwaka 1898, na kodi ilitaka fedha. Fedha ilipatikana nje ya shamba la chakula: katika mashamba ya mkonge, katika ujenzi wa reli, mijini, na baadaye katika kilimo cha kahawa. Kila kijana aliyeshuka mlimani kutafuta fedha ya kodi alikuwa mikono miwili iliyopungua siku ya msaragambo. Hapa hatuwezi kusema kwamba nguvukazi ilipungua yenyewe. Ilipunguzwa, na aliyeipunguza aliandika hesabu zake katika daftari la kodi.

Hatua ya pili ilikuwa ya mamlaka. Sheria za maji zilikuwa na nguvu kwa kuwa mzee wa mfereji alikuwa na nguvu, na mzee huyo alitegemea ukoo, matambiko na mtawala wa mahali. Wakoloni waliwageuza watawala hao kuwa watumishi wa serikali. Baada ya uhuru, mwaka 1963, uchifu ulifutwa kisheria nchini Tanganyika. Uamuzi huo ulikuwa na sababu kubwa za kitaifa, kwani nchi moja haikuweza kujengwa juu ya mamia ya watemi na mamangi. Lakini pamoja na utawala wa kurithi, ziliondoka pia amri ndogo ndogo zilizolinda chemchemi na kingo za mifereji, na haikuwa wazi mara moja ni nani angezishika. Kamati za kijiji zilipewa madaraka, wazee wa koo walibaki na ujuzi, na mara nyingi wenye madaraka na wenye ujuzi hawakukaa baraza moja. Mwaka 1974 sheria ya matumizi ya maji iliyaweka maji yote nchini chini ya dola, na mtumiaji akatakiwa kuwa na haki ya maji iliyoandikishwa. Mfereji uliochimbwa na babu wa babu ukawa, mbele ya karatasi, hauna mwenyewe. Katika hatua hii neno linalofaa ni kuzorota: jambo lilikuwapo, watu walikuwapo, lakini mwendo ulilegea kwa sababu ya kukosa mwenye kuongoza.

Hatua ya tatu ilikuwa ya ardhi yenyewe. Watu waliongezeka, miteremko mikali ikalimwa, na miti iliyozunguka vyanzo vya maji ikapungua. Katika Upare palikuwa na mishitu, yaani misitu ya jando, na mpungi, yaani mahali pa matambiko ya ukoo, ambapo ilikuwa mwiko kukata mti. Dini mpya zilipoingia na jando la zamani likaachwa, mwiko ule ulipoteza nguvu, na shoka likaingia. Udongo ulimomonyoka na kushuka, na sehemu yake ikatua ndani ya ndiva zile zile ambazo hazikuwa na watu wa kutosha wa kuzizoa. Hapa maneno mawili yanafanya kazi pamoja: mlima ulimomonyoka, na ndiva ikajaa.

Hivyo basi, tukiulizwa kama ndiva za Upare zilififia au zilififishwa, jibu la haki ni kwamba yalitokea yote mawili kwa zamu. Na jibu hilo lina faida. Penye mtenda, mtenda mwingine anaweza kutengua. Katika miaka ya 1990 ndiva na mifereji kadhaa katika milima ya Upare ilitengenezwa upya kwa msaada wa mradi wa umwagiliaji wa asili, kuta zikajengwa kwa saruji na vyama vya watumiaji maji vikaundwa. Watafiti waliofanya kazi katika bonde la Makanya katika miaka ya 2000 walikuta ndiva zikitumika, na wakakuta mapatano ya kugawana maji baina ya watu wa juu na watu wa chini, kama Vudee na Bangalala. Laiti wananchi wangaliamini kwamba ndiva zimekufa, hakuna ambaye angalibeba mawe. Waliamini kwamba zimezorota, na kilichozorota huweza kutiwa nguvu.

Chuma cha Washana

Mfano wa pili ni wa chuma. Katika Ugweno, upande wa kaskazini wa milima hii, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi, na mapokeo yanasema kwamba hapo kale ndio waliokuwa watawala, hata walipoondolewa na Wasuya. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekuwa mwenyeji wa Upare, aliyakusanya mapokeo hayo na kuyachapisha katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare. Chuma cha Upare kilivuka nyika na kufika Uchagani, ambako kilitakiwa kwa majembe na silaha.

Kazi ya chuma ina sehemu mbili, nasi hatuna budi kuzitofautisha. Sehemu ya kwanza ni kuyeyusha: kukusanya mchanga wa chuma kutoka vijitoni, kuchoma makaa ya miti migumu, na kuvukuta moto mpaka chuma kitengane na takataka. Sehemu ya pili ni kufua: kukipasha moto chuma kilichokwisha kupatikana na kukigonga mpaka kiwe jembe, kisu au mkuki. Biashara ya misafara na baadaye maduka yalipoleta waya, majembe na chuma cha viwandani, kuyeyusha kulikosa faida. Kwa nini mtu achome msitu na kukesha motoni, ilhali chuma kimo dukani? Tanuri zikazimika. Lakini kufua hakukuzimika pamoja nazo. Mhunzi alikichukua chuma chakavu akaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo sentensi isemayo kwamba uhunzi wa Wapare ulikufa si kweli, na isemayo kwamba ulififia haitoshi. Ulipogawanyika, nusu yake ilishindwa sokoni na nusu yake ikajipatia malighafi mpya. Mwanafunzi akiulizwa mtihanini aeleze athari za ukoloni kwa viwanda vya asili, jibu la namna hii lina uzito kuliko kusema kwamba viwanda vyote viliuawa. Wazee wetu hawakuwa mizoga iliyongoja kuzikwa. Walikuwa mafundi waliohesabu gharama.

Yanayokomeshwa na yanayostahili kufifia

Tusidhani kwamba watu wa Upare hawakuijua tofauti kati ya jambo linalotokea na jambo linalotendwa. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ilileta kodi ya madaraja iliyoitwa mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kwa mali yake. Wananchi waliona kwamba makadirio hayo hayakuwa ya haki, na kwamba hawakushauriwa. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, kuipinga. Na wanawake nao walishiriki katika upinzani huo. Kabla ya miaka ya 1940 kwisha, kodi ya namna hiyo ilikuwa imeachwa. Mbiru haikufifia. Ilipingwa, na kwa kupingwa ikakomeshwa. Mwalimu anayefundisha kwamba mbiru ilitoweka amewanyang'anya watu hao ushindi wao kwa kosa la kitenzi.

Kwa upande mwingine, si kila kinachofifia ni hasara. Katika Upare, kama katika sehemu nyingine za nchi zetu, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, naye alihesabiwa kuwa mkosi; na palikuwa na desturi ya kumwua. Desturi hiyo iliachwa kwa mafundisho, kwa sheria, na kwa ujasiri wa wazazi waliokataa kumtoa mtoto wao. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeililia. Tulisema kwamba kovu nalo hufifia, na kufifia kwa kovu ni dalili ya afya. Utamaduni wa taifa si ghala la kuweka kila kitu cha zamani. Ni shamba, na shambani kuna mbegu na kuna magugu.

Hata hapa, hata hivyo, tusimsahau mtenda. Desturi ya kigego haikupotea kama umande. Kuna mama aliyeficha mtoto na kuna jirani aliyenyamaza. Hao pia ni historia.

Lugha na mabaki yake

Mfano wa mwisho ni wa lugha, na huu unawahusu walimu moja kwa moja. Wamisionari Wajerumani wa Kiadventista walianza kazi Upareni mwaka 1903, na Suji ikawa miongoni mwa vituo vyao. Mmoja wao, Ernst Kotz, alitoa mwaka 1909 kitabu cha sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare. Lugha iliyokuwa ya mdomo ikapata maandishi na vitabu vya ibada. Baadaye Kiswahili kilitwaa shule, baraza na soko. Nacho kilistahili, kwa kuwa ndicho kilichotuunganisha. Lakini tuitazame njia ya neno moja. Msaragambo lilikuwa neno la milimani, nalo limeshuka likaingia katika Kiswahili kinachotumika Tanzania. Katika miaka ile ile neno lilipokuwa likisambaa, kazi yenyewe katika ndiva nyingi ilikuwa ikizorota. Neno linaweza kunenepa wakati jambo lake linakonda. Basi tusiridhike kuyaona maneno ya wazee katika kamusi tukadhani kwamba tumeyahifadhi mambo yao.

Katika milima hiyo hiyo na ile ya Usambara wamo pia Wambugu, ambao wana usemi uitwao Ma'a. Maneno yake mengi ni ya asili ya Kikushi, lakini viambishi na mpangilio wake ni wa Kibantu, unaofanana na Kipare. Wataalamu wa lugha walibishana kwa miaka mingi juu yake. Baadhi walisema kwamba hapo kale ilikuwa lugha kamili ya Kikushi, na kwamba sarufi yake ilififia hatua kwa hatua kwa kuishi na majirani, hata yakabaki maneno tu. Wengine, kama Maarten Mous katika kitabu chake cha mwaka 2003, waliona kwamba wenyeji, baada ya kuhamia lugha ya Kibantu, waliyashika maneno ya asili kwa makusudi wakajenga usemi wa kujitambulisha. Mabaki ni yale yale. Wa kwanza anaona gofu la nyumba iliyobomoka. Wa pili anaona nyumba mpya iliyojengwa kwa matofali ya zamani. Hatutaki kuuamua ubishi huo hapa. Tunautaja ili msomaji aone kwamba hata mbele ya wataalamu, kuchagua kati ya kufifia na kutenda ni kuchagua historia nzima.

Kazi ya mwalimu na mwanafunzi

Kutokana na mifano hiyo tunaweza kutoa kanuni chache za matumizi. Kila mara mwanafunzi anapoandika kwamba jambo limefifia, ajiulize maswali manne. Je, lilikuwa na nguvu lini, na kwa ushahidi gani? Ni sehemu gani yake iliyopungua, na ni ipi iliyobaki, kama kufua kulivyobaki baada ya kuyeyusha? Je, lilififia au lilififishwa. Na kama lilififishwa, ni nani aliyefanya hivyo, na kwa faida ya nani? Na mwisho, je, linastahili kurudishwa, kama ndiva, au kuachwa lizikwe, kama mkosi wa kigego?

Maswali haya hayahitaji maktaba kubwa. Shule nyingi za sekondari zimo katika vijiji ambavyo vina mfereji, kisima, soko, njia ya zamani au mti wa baraza. Wanafunzi waende kwa wazee wakawaulize ni nani aliyechimba, ni nani aliyezoa tope, na ni mwaka gani wito ulipotoka na watu wasije. Wayaandike majina ya kazi na ya zana kama wazee wanavyoyatamka. Watakaporudi darasani, wachague vitenzi vyao kwa uangalifu ule ule ambao fundi wa ndiva huchagua jiwe la kuziba tundu.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni somo la historia kama ilivyo somo la nyumba. Ufa ni hatua ya kufifia, wakati jambo lingali likionekana. Ukuta ni gharama ya waliosubiri mpaka likaanguka. Lakini ili mtu auzibe ufa, sharti kwanza auite ufa. Akiuita kifo, atakwenda kuchimba kaburi. Akiuita mapenzi ya wakati, atakaa kitako. Ndiyo maana tunasema kwamba kulitumia neno kufifia kwa usahihi ni sehemu ya kulinda kile ambacho bado hakijafifia.